Riwaya za mahaba ya ukoloni na kinyongo cha msomaji wa Ruiri

ASUBUHI isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Ruiri katika Kaunti ya Meru ana pande mbili za kutazama. Upande mmoja Mlima Kenya umesimama na barafu yake kidogo iliyosalia. Upande wa pili ardhi inateremka polepole hadi kwenye nyanda kame za Isiolo, ambako macho hayapati kizuizi.

Mandhari hiyo hiyo, au nyingine inayofanana nayo kama shilingi kwa ya pili, ndiyo huchorwa kwenye majalada ya vitabu vya mitumba vinavyopangwa kando ya barabara mijini, vitabu vilivyokwisha kusomwa Ulaya na Marekani kabla ya kuvuka bahari. Jalada huwa na mwanamke Mzungu aliyevaa blauzi nyeupe, mwanamume mwenye bunduki au miwani ya rubani, mgunga mmoja na jua linalotua.

Hizo ndizo riwaya za mapenzi zilizojengwa katika enzi za ukoloni. Wapo wasomaji wanaozimaliza kwa usiku mmoja, kisha wakazifunga wakiwa na kinyongo wasichojua wamwelekezee nani. Si kwamba hadithi haikunoga. Mara nyingi imenoga kweli kweli. Kinachokera ni kitu kingine, nacho huonekana wazi zaidi kikitazamwa kutoka mahali kama Ruiri kuliko kutoka London, ambako vingi vya vitabu hivyo vilichapishwa.

Maana Ruiri, kama sehemu nyingine za Meru, imo katika picha ya jalada lakini haimo kitabuni.

Mshenga wa walowezi

Utanzu huu una umri wa takriban karne moja. Mwaka 1919 mwandishi Mwingereza E. M. Hull alichapisha The Sheik, hadithi ya binti wa Kiingereza anayetekwa na shekhe katika jangwa la Algeria iliyokuwa chini ya Wafaransa. Kitabu kiliuzwa kupita kiasi, na filamu yake ya mwaka 1921 ikamfanya mwigizaji Rudolph Valentino kuwa kipenzi cha wanawake katika nchi nyingi. Wachapishaji wakajifunza jambo moja: mapenzi yakihamishiwa koloni hupata joto ambalo hayana yakibaki nyumbani.

Mwaka huo huo wa 1919 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwagawia mashamba ya Kenya wanajeshi wake waliotoka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka uliofuata nchi ikatangazwa rasmi kuwa koloni. Wengi wa waliopewa ardhi walikuwa wanaume, wanawake wa Kizungu walikuwa wachache, na riwaya zikaingia hapo kama mshenga. Florence Riddell alitoa Kenya Mist mwaka 1924. Nora Strange, ambaye aliandika hadithi kadhaa za aina hiyo, alitoa Courtship in Kenya mwaka 1932.

Muundo wa hadithi za namna hii ni mwepesi kukariri. Binti anashuka melini Mombasa. Anapanda gari moshi na kuona twiga dirishani. Anafika shambani kwa jamaa zake, au kwa mchumba asiyemfaa. Kuna jirani mkimya, aliyechomwa na jua na mwenye siri moyoni. Ukame, malaria, simba au moto wa nyika unawakutanisha, na kufikia ukurasa wa mwisho shamba limepata bibi wa nyumba.

Ukitazama kwa makini utagundua kwamba wanaofungishwa ndoa hapo si watu wawili tu. Mlowezi anafungishwa ndoa na ardhi, na msomaji ndiye shahidi.

Kilichoufanya muundo huo uishi hadi leo, hata hivyo, si riwaya. Ni kumbukumbu za Karen Blixen, raia wa Denmark aliyeishi chini ya vilima vya Ngong tangu mwaka 1914 hadi 1931. Kitabu chake Out of Africa kilitoka mwaka 1937, na ndani yake mapenzi yake na Denys Finch Hatton hayakupewa nafasi kubwa. Ilikuwa filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985, iliyowashirikisha Meryl Streep na Robert Redford na kutwaa tuzo 7 za Oscar, ambayo iliyatoa mapenzi hayo pembeni na kuyaweka katikati. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa mwandishi wa mahaba ya Kenya ya kale kuandika bila ndege ile ndogo ya Finch Hatton kupita juu ya kichwa chake.

Barbara Wood alifuata na Green City in the Sun mwaka 1988. Mwaka 2015 Paula McLain akamgeukia rubani Beryl Markham katika Circling the Sun. Kati ya hivyo na kabla yake kuna rundo la vitabu kuhusu walowezi wa Happy Valley, starehe zao na kifo cha Lord Erroll, aliyepigwa risasi Januari 1941.

Watu waliogeuzwa samani

Lalamiko la kwanza la msomaji ni jepesi kulieleza. Katika vingi vya vitabu hivyo Mwafrika huingia chumbani, huweka chai mezani na kutoka. Ana jina moja. Hana mama, hana kwao, hana mke anayemngojea. Pengine ana umri wa miaka hamsini, lakini anaitwa boi.

Hata Kiswahili anachopewa ni kile ambacho watu wa Kenya walikiita kisetla, Kiswahili cha walowezi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kijitabu kilichoitwa Up-Country Swahili, kilichokusudiwa kumfunza mlowezi, mwanajeshi na mfanyabiashara lugha ya kutosha kuendesha shughuli zake. Si kosa kujifunza lugha kwa haja ya kazi. Lakini riwaya zilipoiazima lugha hiyo, ziliazima amri peke yake: lete, ondoa, upesi, ngoja. Lugha iliyobeba tenzi na nyimbo za mapenzi za pwani kwa karne kadhaa ikabaki na msamiati wa jikoni.

Msomaji wa Kiswahili hukereka hapo mara mbili. Kwanza kwa sababu sarufi imevunjwa, tena na mwandishi asiyejua kwamba ameivunja. Pili kwa sababu katika lugha ya aina hiyo mtu hawezi kumwambia mwenzake kwamba anampenda. Mhusika aliyepewa maneno manne ya utumishi amekwisha kunyimwa mapenzi kabla hadithi haijaanza.

Makosa madogo madogo nayo hayaishi. Mmeru anaitwa Mkikuyu. Mmaasai mwenye mkuki anachipuka popote pale, hata mahali ambapo Wamaasai hawakuwahi kulisha ng'ombe. Kahawa inachumwa katika nyanda ambazo hata mahindi yanaponea chupuchupu. Haya yangesameheka, kama yanavyosameheka makosa ya msafiri. Isipokuwa mwandishi huyo huyo hakosei aina ya gauni lililovaliwa hotelini Nairobi mwaka 1928, wala jina la mvinyo uliomiminwa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba katika fasihi ya Kizungu, mzaliwa wa maeneo haya ya Meru aliyejulikana kuliko wote ni simba jike. Elsa, aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe George, mlinzi wa wanyamapori aliyekuwa na kituo chake Isiolo, aliandikiwa kitabu, Born Free, mwaka 1960 na filamu mwaka 1966. Kaburi lake limo katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Elsa ana mapenzi, wana, huzuni na mauti. Wanawake wa Meru waliozaliwa miaka hiyo hawakuandikiwa hata nusu yake.

Katika filamu ya Out of Africa kuna tukio linaloonyesha ukosefu huo kuliko maelezo yoyote. Mlowezi Berkeley Cole anakaribia kufa, na hapo ndipo inapojulikana kwamba kwa muda mrefu amekuwa na mwanamke Msomali aitwaye Mariammo, aliyeigizwa na mwanamitindo Iman. Mwanamke huyo huonekana kwa muda mfupi tu. Alipendwaje? Aliishi wapi baadaye? Hapo palikuwa na riwaya nzima, na filamu ikaipita kama basi lipitavyo kituo kisicho na abiria.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alikihesabu kitabu cha Blixen kuwa miongoni mwa vitabu vya hatari zaidi kuwahi kuandikwa kuhusu Afrika, na hakusita kuyasema hayo mbele ya Wadenmark wenyewe. Hoja yake haikuwa kwamba Blixen aliwachukia Waafrika. Alidai kinyume chake: kwamba ubaguzi ukivaa joho la upendo huwa mgumu kuutambua. Mtu anaweza kupendwa kama anavyopendwa mbwa au mlima, na bado asihesabiwe kuwa mtu.

Kahawa, mbuzi na sheria

Kizuizi ndicho moyo wa riwaya yoyote ya mapenzi. Wapenzi wakioana ukurasa wa tatu, hakuna hadithi. Katika mahaba ya walowezi vizuizi hivyo hutoka kwa maumbile au kwa mume mlevi. Sheria haimo. Na hapo ndipo msomaji wa Ruiri anapoanza kutikisa kichwa, kwa kuwa anajua kwamba Timau, si mbali na kwao, ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi huku Wameru wakiwekwa katika rizavu. Mpaka huo haukuchorwa na mvua. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliipa serikali mamlaka juu ya ardhi yote ya Waafrika, na mwaka 1939 Nyanda za Juu zikatengwa kwa amri rasmi ziwe za Wazungu pekee.

Shamba la kahawa ni mfano mzuri. Katika riwaya, maua meupe ya mkahawa hufunguka baada ya mvua na wapenzi hupita katikati yake wakishikana mikono. Katika Kenya halisi, hadi miaka ya 1930 Mwafrika alizuiwa kulima zao hilo. Meru, Embu na Kisii ndizo zilizofunguliwa kwanza, kwa majaribio, kwa miche michache na masharti makali. Kwa kijana wa Meru, kwa hiyo, kahawa haikuwa pambo la mahaba. Ilikuwa fedha za mahari, na kuzuiwa kuipanda kulikuwa ni kucheleweshwa kuoa. Je, hicho si kizuizi cha kutosha kwa riwaya?

Lalamiko zito zaidi linahusu mapenzi kati ya mwenye mamlaka na asiye nayo. Baadhi ya riwaya, hasa zilizoandikwa miaka ya karibuni, humpeleka afisa wa kikoloni mikononi mwa msichana wa Kiafrika na kuliita jambo hilo penzi lililovuka mipaka. Nyeri, upande wa pili wa mlima, kuna kisa cha kweli kinachofaa kuwekwa kando ya hadithi hizo.

Mwaka 1908, mwaka ambao E. B. Horne, aliyebatizwa na Wameru jina la Kangangi, alikuwa akiweka msingi wa kituo cha serikali Meru, afisa mwingine, Hubert Silberrad, alikuwa akisimamia Nyeri. Alikuwa akiishi na wasichana wa Kiafrika nyumbani kwake. Wawili wao, Nyambura na Wameisa, alikuwa amewarithi kutoka kwa afisa mwenzake, C. W. G. Haywood, aliyekuwa ametoa mbuzi 40 kwa kila mmoja. Wa tatu, Nyakayena, alikuwa bado msichana mdogo. Askari mmoja wa Kiafrika alipodai kwamba mmoja wa wasichana hao alikuwa wake, Silberrad alimfungia rumande.

Majirani wake, mtafiti W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, walishtuka na kuingilia kati. Routledge alipeleka mashtaka hadi Nairobi, na habari zikafika katika gazeti la The Times la London mwezi Desemba. Silberrad hakufukuzwa kazi. Alipunguziwa mwaka mmoja wa ukuu kazini na kuzuiwa kusimamia wilaya kwa muda. Lakini Januari 1909 Lord Crewe, waziri wa makoloni, alituma waraka wa kuwaonya maafisa dhidi ya kuishi kinyumba na wanawake wa nchi walizotawala.

Waraka huo haukutokana na huruma kwa Nyambura na wenzake. Kilichohofiwa ni heshima ya utawala. Na tazama jinsi mahari yalivyogeuzwa: mbuzi ambao katika mila ya jamii za mlima hufunga undugu kati ya koo mbili, hapa walitolewa na mtu asiye na ukoo wa kuunganisha, kisha msichana akapitishwa kwa mrithi wa ofisi pamoja na meza na viti. Mwandishi anayetaka kulifanya jambo la aina hiyo kuwa penzi hana budi kwanza kujibu swali dogo: msichana huyo angeweza kukataa?

Swali hilo halikuisha na waraka. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya wakati wa Hali ya Hatari na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Ushahidi uliotolewa katika kesi iliyotangulia malipo hayo ulijumuisha ule wa mwanamke aliyedhalilishwa kimwili alipokuwa kizuizini.

Mapenzi ambayo hayakuandikwa

Yote hayo huenda yakamfanya mtu afikiri kwamba wasomaji wanataka riwaya zisizo na mapenzi, zenye kodi na viboko tu. Sivyo. Kinyongo chenyewe kinatokana na kujua kwamba mapenzi yalikuwepo, tena ya kuvunja mbavu, na yakaachwa.

Kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1901 ilihesabiwa kwa kila nyumba, na kwa hiyo mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilimfunga mwanamume wa Kiafrika kwa mwajiri wake. Akiondoka bila kutiwa saini alikuwa mtoro. Kila kijana aliyekwenda kutafuta fedha za kodi na za mahari katika mashamba ya walowezi aliacha nyuma mtu aliyehesabu miezi.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa katika fungu moja na kutakiwa kuwa na vibali vya kutembea. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa mlimani walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na mahandaki. Maelfu ya wanaume walikuwa Manyani na kambi nyingine, wengine msituni, wengine walinzi wa homgadi. Ndugu mmoja aliweza kuwa upande huu na wa pili ng'ambo. Mchumba naye vivyo hivyo.

Katikati ya hayo Meru ilipata kisa chake cha pekee. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likiungwa mkono na maafisa wa kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Nia, kwa jinsi tunavyoielewa leo, haikuwa mbaya. Kenya huru imeharamisha kitendo hicho, kwa sheria kali ya mwaka 2011. Lakini mwaka 1956 msichana ambaye hajapitia jandoni hakuhesabiwa kuwa mwanamke, wala hakuweza kuolewa. Marufuku yaliyoletwa na wazee na Bwana DC, wakati baba na kaka wako kizuizini, yalionekana kwa wasichana wengi kama kufungiwa mlango wa utu uzima.

Makundi ya wasichana yakaingia vichakani na wembe na kukeketana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Kati ya mwaka 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika za Meru kwa kukiuka amri hiyo. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyeeleza kisa hiki katika kitabu chake Politics of the Womb cha mwaka 2003, anaonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyojiingiza katika ujauzito, uchumba na ndoa za Wameru kwa muda wa miongo kadhaa.

Hakuna haja ya kulisifu tendo lenyewe ili kuona uzito wa hadithi. Msichana anajiumiza mwili ili aweze kuolewa na mtu ambaye huenda hatarudi. Mama anapigwa faini. Mzee aliyeinua mkono barazani ni babu yake. Ni mwandishi gani wa mahaba angeacha kisa hicho na kwenda kuandika juu ya glasi za mvinyo?

Utetezi na udhaifu wake

Wanaozitetea riwaya za walowezi wana hoja zao, na baadhi zina mashiko. Riwaya si kitabu cha historia, wasema. Mwandishi huandika anachokijua, na mlowezi aliwajua walowezi. Isitoshe, si wote walikuwa wa namna moja. Blixen mwenyewe, shamba lake lilipouzwa, alihangaika hadi maskwota wake wakapewa ardhi mahali pamoja badala ya kutawanywa. Mpishi wake, Kamante, hakusahauliwa kabisa: mwaka 1975 simulizi zake mwenyewe zilichapishwa kitabuni kwa juhudi za Peter Beard.

Na Barbara Wood, tofauti na wengi, aliweka familia ya Kiafrika kando ya familia ya kilowezi tangu mwanzo hadi mwisho wa kitabu chake, na akathubutu kumfanya binti wa mlowezi ampende Mwafrika. Tatizo ni kwamba nguvu kubwa aliyowapa Waafrika hao ni laana ya mganga. Watu walioporwa ardhi walikwenda mahakamani, waliunda vyama, waliandika barua kwa wabunge wa Uingereza. Katika riwaya wanaapiza.

Hoja ya kwamba riwaya ni burudani tu nayo inapungua nguvu mtu akikumbuka kwamba burudani hiyo hulipiwa. Picha ya Kenya ya mahaba, yenye hema, taa ya mafuta na mtumishi asiyeonekana, ndiyo imeuzwa kwa watalii kwa miongo mingi. Oktoba 2010 Mwanamfalme William alimposa Kate Middleton katika kibanda cha magogo kando ya ziwa Rutundu, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, ndani ya Meru. Magazeti ya dunia yaliyoandika habari hiyo yaliutaja mlima, ziwa na ukimya wake. Posa ilifanyika nchini kwa watu ambao wana desturi zao za posa, na ambao miongoni mwao, hasa Igembe na Tigania, kitita cha miraa hupelekwa kwa wazazi wa msichana kabla ya neno lolote kusemwa. Ni ajabu jinsi mahali penye watu wengi hivyo panavyoweza kusifiwa kwa ukimya.

Vya kusoma

Msomaji aliyechoka hana haja ya kuacha mapenzi. Mwaka 1946, wakati ambapo riwaya za walowezi zilikuwa bado zinauzwa, Gakaara wa Wanjau alichapisha kwa Kikuyu Uhoro wa Ugurani, hadithi kuhusu uchumba na mahari. Miaka 6 baadaye mwandishi huyo alikamatwa na kuzuiliwa, miongoni mwa kwingine katika kisiwa cha Manda huko Lamu. Shajara yake ya kizuizini ilimpatia tuzo ya Noma mwaka 1984. Mtunzi wa mahaba aliyefungwa na ukoloni: hilo nalo halijapata filamu yenye Oscar 7.

Katika A Grain of Wheat ya Ngũgĩ (1967), Gikonyo anarudi kutoka kizuizini baada ya miaka 6 na kumkuta mkewe Mumbi na mtoto wa mwanamume mwingine. Walowezi na maafisa wamo humo, hata na usaliti wa ndoa zao, lakini wamewekwa pembeni, mahali ambapo wao walizoea kuwaweka wengine. Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye (1986) inaanza na Paulina, msichana mjamzito anayefika Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe na kupotea katika mji uliojaa askari. Haina machweo ya jua hata kidogo, na ni hadithi ya ndoa kama zilivyo ndoa.

Pwani nako kuna Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anatoroka na kumpenda Denge, kijana anayepinga utawala wa Mwingereza Zanzibar. Polisi wa kikoloni hawamo humo kama mapambo. Wao ndio kizuizi. Kila wapenzi wanapokaribia kukaa pamoja, Inspekta Wright anabisha mlango. Na mazungumzo yote, ya mapenzi na ya siasa, yamo katika Kiswahili cha watu wenye mama na mtaa.

Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa mwaka 2021, alikwenda mbali zaidi katika Desertion (2005). Alichukua kisa kile kile cha zamani, Mwingereza na mwanamke wa pwani mwaka 1899, kisha akauliza kile ambacho vitabu vya majalada ya machweo havikuuliza: nini kinatokea baada ya Mzungu kupanda meli na kwenda zake? Jibu lake linachukua vizazi viwili. Rehana anaachwa, na aibu ya penzi lake inamfikia mjukuu wake Jamila miaka ya 1950, ikamvunjia penzi lake mwenyewe huko Zanzibar.

Kwa upande wa Meru rafu haijajaa hivyo. Msichana wa Ngaitana aliyekuwa na umri wa miaka 12 mwaka 1956 leo, kama yu hai, amepita miaka 80. Alichumbiwa na nani, posa ililetwaje wakati bwana harusi yuko Manyani na shemeji yuko msituni, na alimpenda nani kabla ya yote hayo, ni maswali yanayoweza kuulizwa Meru leo hii, Ruiri ikiwemo, na watu wa kuyajibu hawajaisha.